Jeni zinazowaka pamoja: niliyoyaona kwenye data za seli shina za kiinitete

Wakuu habari. Nimekaa na data za RNA (ile nakala ambayo jeni inatoa ikiwaka) za seli shina za kiinitete cha binadamu kwa miaka kadhaa sasa, kazi yenyewe ni kutafuta jeni zipi zinapanda na kushuka pamoja, alafu kuangalia zimekaa kwenye kromosomu zipi, na kuna mambo nimeyajua kwa kuyaona ambayo nadhani yatamfaa mtu anayeanza, kwasababu maelezo ya programu yanakuelekeza namna ya kupata namba ila hayakwambii namba hiyo imetoka wapi. Msimamo wangu nautanguliza kabisa: uwiano kati ya jeni mbili, yaani kiasi zinavyopanda na kushuka pamoja, hauletwi na jeni zenyewe tu, unaletwa na tofauti zilizopo kati ya sampuli zako. Sampuli zote zikifanana hakuna cha kupanda wala kushuka. Kwa hiyo kabla hujauliza hizi jeni zinashirikiana vipi, uliza kwanza sampuli zangu zinatofautiana kwa nini.

Kwa asiyezijua hizi seli, zilitengwa mara ya kwanza mwaka 1998 na James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, zikapatikana laini tano, yaani koo za seli zinazoendelea kukuzwa maabara, kila moja toka kiinitete kimoja, H1, H7, H9, H13 na H14, na mpaka leo H1 na H9 utakutana nazo kila mahali. H1 ni ya kiume, ina X na Y. H9 ni ya kike, ina X mbili. Lishike hilo maana litaturudia. Sifa zao ni mbili, zinaweza kugeuka kuwa seli ya aina yoyote ya mwili, na zinaweza kugawanyika bila kikomo kama zinatunzwa vizuri. Watu wengi wanavutiwa na ile ya kwanza, mimi kadiri nilivyozidi kuchambua ndo nikaona ile ya pili inaingilia data zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na hesabu kwasababu bila hesabu mengine yote yanateleza. Binadamu ana jeni karibu 20,000 zinazotengeneza protini. Ukizipanga mbili mbili unapata jozi 199,990,000, yaani karibu milioni 200. Ukitumia kile kipimo cha kawaida cha 0.05, yaani kukubali kosa la bahati mara 5 kati ya 100, bila kurekebisha, jozi kama milioni 10 zitaonekana zina uwiano hata kama data yote ni kelele tupu. Ndo maana ile njia ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995 ya kudhibiti matokeo ya uongo sio pambo, na hata ukishaitumia bado utabaki na jozi nyingi mno za kuangalia moja moja kwa macho.

Alafu kuna hesabu ya pili ambayo watu wanairuka. Ukichukua jeni mbili bila kuchagua, uwezekano wa kukuta ziko kromosomu moja ni kama 1 kati ya 20. Kwa hiyo mtu akikwambia sehemu kubwa sana ya jeni zinazowaka pamoja ziko kwenye kromosomu tofauti, hapo hajagundua kitu, ndivyo zilivyotawanyika tangu mwanzo. Na kromosomu zenyewe hazilingani, kromosomu ya 19 ina herufi za DNA kama milioni 59 lakini imebeba jeni za protini kama 1,400, wakati ya 18 ina herufi karibu milioni 80 na jeni zake hazifiki hata 300. Ukihesabu jozi bila kuangalia hilo, ya 19 itashinda kila mashindano utakayoyaweka.

Dawa yake ni kupangua. Unaacha uwiano wote kama ulivyo, unachanganya mahali jeni zilipokaa, unarudia mara elfu na zaidi, ndo unaona kama kile ulichokipata kwenye data halisi kinazidi kile kinachotokea kwa bahati. Mimi sichori mchoro wowote wa kromosomu kabla sijafanya hivo, maana macho yakishaona rangi nzuri ni kazi kuyabembeleza yaachane nayo.

Sasa tuingie kwenye data. Ukiweka sampuli za H1 na H9 kwenye jedwali moja ukaendesha programu ya kutengeneza mtandao, mfano ile WGCNA ambayo Langfelder na Horvath waliitoa mwaka 2008, kuna moduli (kundi la jeni zinazokwenda pamoja) moja ndogo ambayo itatokea na itakuwa imeshikana kwelikweli: RPS4Y1, DDX3Y, KDM5D, EIF1AY. Zote kromosomu Y. Uwiano wake unakaribia 1, ambao ndo mwisho wa juu. Hapo hakuna udhibiti wowote wa ajabu, ni kwamba nusu ya sampuli zina Y na nusu hazina, basi. Mimi naipenda hii moduli, kila nikichambua data mpya naitafuta ya kwanza, kwasababu inanionyesha kwa uwazi kabisa jinsi tofauti ya sampuli inavyogeuka kuwa uwiano wa jeni, na pia nikiikosa mahali nilipotegemea kuiona najua kuna sampuli zimebandikwa majina yasiyo yake.

Ukitoka hapo njoo kwa wale watatu wanaojulikana, OCT4, SOX2 na NANOG. OCT4, ambayo kwenye orodha za jeni utaikuta kwa jina la POU5F1, iko kromosomu ya 6, SOX2 iko ya 3, NANOG iko ya 12. Kromosomu tatu tofauti ila kazi moja, kuzuia seli isigeuke. Mwaka 2005 Boyer na wenzake walionyesha kwenye seli za H9 kwamba protini za hizi jeni tatu zinakaa kwa pamoja kwenye jeni zisizopungua 353, na zinakaa pia kwenye promota (sehemu ya DNA ya kuwashia jeni) zao zenyewe, yaani kila moja inamshikilia mwenzake na inajishikilia yenyewe. Ukisoma hivo unategemea uwiano kati yao uwe mkubwa siku zote.

Wapi. Inategemea umeweka sampuli gani. Ukiweka seli shina safi tupu, uwiano wao unaweza kuwa mdogo hadi ukakatisha tamaa, maana zote tatu ziko juu kila mahali na kinachobaki kupimwa ni kelele. Ukichanganya na seli zilizoanza kugeuka kuelekea neva, OCT4 na NANOG zinashuka lakini SOX2 inabaki juu, kwasababu seli changa za neva nazo zinaihitaji SOX2. Ukichanganya na zilizoelekea endodemu, lile tabaka linalotengeneza utumbo na ini, mambo yanageuka, SOX2 inawahi kushuka na NANOG inachelewa. Jeni zilezile, mashine ileile, na unapata majibu matatu. Ndo maana nikisoma mahali jeni fulani mbili zina uwiano wa 0.8 kwenye seli shina, naenda kwanza kwenye orodha ya sampuli, hiyo 0.8 naiangalia baadae.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifundisha kuliko vyote, kipande cha kromosomu ya 20. Tulikuwa na data za laini kadhaa zilizokuzwa kwa muda mrefu, na nikawa napitisha dirisha juu ya kila kromosomu, yaani nachukua jeni zilizopangana, napata wastani wa uwiano wao, nasogea mbele kidogo, narudia. Sehemu nyingi mstari umelala chini. Kufika mkono mrefu wa kromosomu ya 20, pale 20q11.21, mstari ukasimama kama mlingoti. ID1, BCL2L1, TPX2, HM13, na mbele kidogo DNMT3B, zote zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Mwenzangu mmoja akafurahi sana, akasema hili ni eneo la udhibiti wa seli shina, ona DNMT3B imo humo, na ni kweli DNMT3B ni moja ya jeni zinazowaka sana kwenye hizi seli. Ilikuwa hadithi nzuri na ingeandikika vizuri.

Nikatenganisha sampuli kwa laini. Ndani ya laini nyingi uwiano ule haukuwepo kabisa. Ulikuwa unaletwa na sampuli chache ambazo jeni zote za kile kipande zilikuwa juu kwa kiasi kinachofanana, kama mara moja na nusu ya zingine. Mara moja na nusu inatakiwa ikushtue papo hapo, kwasababu ndicho unachotegemea nakala zikiwa tatu badala ya mbili. Nikamfuata dada aliyekuwa anazikuza zile seli, nikamwambia namba za sampuli, akaangalia daftari lake akasema, "Kaka, hizo ndo zile zilizokuwa zinajaa sahani haraka, nilikuwa nazihamisha mapema kuliko zingine." DNA ilipopimwa ikathibitisha, kipande kile kilikuwa kimejirudia.

Na hili sio jambo la nadra hata kidogo. Mwaka 2011 mradi wa kimataifa wa International Stem Cell Initiative ulipima laini 125 za seli shina za kiinitete toka maabara mbalimbali duniani, na kuongezeka kwa kile kipande cha 20q11.21 kukaonekana kwenye zaidi ya asilimia 20 ya laini. Sababu inajulikana: BCL2L1 inatengeneza protini inayozuia seli isijiue, na hizi seli zikitenganishwa na kuhamishwa zinajiua kwa wingi, kwa hiyo seli moja tu ikipata nakala ya ziada ya BCL2L1 watoto wake wanabaki hai kuliko wenzao na baada ya kuhamishwa mara nyingi wanaitawala sahani nzima. Jeni zingine zilizokaa jirani zinabebwa tu kwenye msafara. Kibaya zaidi, kile kipande mara nyingi ni kifupi mno kuonekana kwa kupima kromosomu kwa darubini kwa njia ya kawaida, ambayo haioni vizuri chini ya herufi milioni 5 mpaka 10, kwa hiyo cheti cha laini kinaweza kusema kromosomu ni za kawaida huku kipande kimejirudia. Kuna na kromosomu nzima ya 12, na 17 au mkono wake mrefu, na 1q (mkono mrefu wa kromosomu ya 1), hizo nazo zinajulikana kujiongeza kwenye hizi seli. Ukizijua hizo sehemu nne unakuwa umeshajibu maswali mengi ya "mbona jeni za kromosomu hii zinaenda pamoja".

Kwa hiyo saivi utaratibu wangu ni kwamba uwiano wa jeni za kromosomu moja ukienea umbali mrefu, mamilioni ya herufi, nafikiria nakala za DNA kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Natenganisha laini, nahesabu uwiano ndani ya kila laini peke yake, naangalia kama ile mara moja na nusu ipo.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo ila wenyewe unavuka kromosomu. NANOG ina nakala nyingi za zamani zilizotawanyika kwenye jenomu, nyingi zimekufa, na mojawapo inaitwa NANOGP8, iko kromosomu ya 15. Hii ilizaliwa pale RNA ya NANOG ilipogeuzwa kuwa DNA ikajipachika mahali pengine, ndo maana haina zile sehemu za kati zinazokatwa, na herufi zake zimefanana na za NANOG karibu kabisa. Sasa mashine inasoma vipande vifupi vya RNA, tuseme herufi 75 au 100, programu inatakiwa iamue kipande kimetoka wapi, na kwa NANOG na NANOGP8 mara nyingi haiwezi kujua, inagawa huku na huku. Matokeo yake jedwali lako linaonyesha jeni ya kromosomu ya 12 na ya kromosomu ya 15 zinapanda pamoja vizuri sana. Ni RNA ileile imehesabiwa mara mbili! POU5F1 nayo ina ndugu zake wa namna hiyo, mmoja POU5F1B uko kromosomu ya 8, karibu na MYC, jeni maarufu kwenye saratani, na mtu asiyejua anaweza kuona OCT4 "inaongea" na eneo la MYC. Jeni za protini za ribosomu (mashine ya seli ya kutengeneza protini) ndo usiseme, zenyewe ziko kama 80 ila nakala zao zilizokufa ni zaidi ya 2,000. Mimi kabla ya kutangaza jozi yoyote ya kromosomu tofauti nalinganisha kwanza herufi za hizo jeni mbili, na nahesabu upya kwa kutumia vile vipande tu ambavyo vina sehemu moja pekee ya kukaa.

Ila hizo za ribosomu zenyewe, zile hai, ni mfano mzuri wa uwiano wa kweli unaovuka kromosomu. Zimetawanyika karibu jenomu nzima na bado zinakwenda pamoja, kwasababu seli inazihitaji kwa kiasi kinacholingana. Hakuna haja ya kukaa jirani, agizo likiwa moja linazifikia zote popote zilipo. Jeni za kugawanyika kwa seli nazo ni hivohivo, na hizi seli zinagawanyika haraka, hatua ya G1, ile ya kusubiri kabla DNA haijanakiliwa, kwao ni fupi, kwa hiyo moduli ya mgawanyiko inatokea karibu kila mara.

Nigusie kidogo na seli walezi. Zamani sana, na mpaka leo sehemu zingine, seli shina zilikuwa zinakuzwa juu ya seli za panya. Ukichota seli shina unachota na za panya kiasi, na RNA ya panya inafanana na ya binadamu vya kutosha kukaa kwenye jenomu yetu. Ghafla unapata moduli ya COL1A1, COL1A2 na COL3A1, kromosomu za 17, 7 na 2, unasema hizi seli zimeanza kugeuka kumbe ni panya. Pangilia vipande vyako kwenye jenomu ya binadamu na ya panya kwa wakati mmoja, vya panya vitaenda kwao. Ni jambo dogo kulifanya na linaokoa muda mwingi.

Sasa mtu ataniuliza, ina maana ujirani wa jeni hauna maana yoyote? Unayo, tena sana, ila kwa umbali wake. Ukishaondoa nakala za DNA, ukaondoa jeni pacha zilizofanana herufi, ukaondoa tofauti za bechi (sampuli kuandaliwa siku au maabara tofauti), kinachobaki kwenye kromosomu moja ni uwiano unaoshuka haraka kadiri jeni zinavyoachana. Jozi zilizopeana mgongo na kutumia promota moja zinashikana, na zaidi ya asilimia 10 ya jeni zetu ziko hivo, nafasi kati yake haifiki herufi 1,000. Zikifuatiwa na zile zilizo ndani ya boma moja. Maboma haya yalielezwa mwaka 2012 na Dixon na wenzake, wakitumia H1 hiihii pamoja na seli zingine, wakaonyesha kwamba kromosomu imejikunja kwa mafungu na jeni za fungu moja zinagusana zaidi kuliko na za fungu jirani, na mipakani kuna protini ya CTCF. Uwiano wa jeni mbili zilizo upande huu na ule wa mpaka unakuwa mdogo kuliko wa jeni mbili za ndani hata kama umbali ni uleule, na hapo ndo nafurahi, kwasababu nakala za DNA haziujui mpaka wa CTCF, kipande kikijirudia kinabeba pande zote mbili.

Na kuna HOX, ambazo zinanivutia sana. Makundi manne, HOXA kromosomu ya 7, HOXB ya 17, HOXC ya 12, HOXD ya 2. Hizi ni jeni zinazopanga sehemu za mwili toka kichwa hadi mkia. Kwenye seli shina zote zimezimwa na mashine ya Polycomb, kundi la protini za kuzima jeni, zimezimwa kwa namna ya kusubiri, alama ya kuwasha na alama ya kuzima ziko pamoja juu yake. Kwa hiyo kwenye seli safi uwiano wake haupimiki, hakuna kitu cha kupima, na ukiziona zinawaka pamoja jua kuna seli ndani ya sahani zimeanza safari. Hapo una ujirani wa kweli ndani ya kundi na uratibu wa kweli kati ya kromosomu nne, vyote kwa pamoja, na huwezi kuviona mpaka uvuruge usafi wa sampuli.

Mwisho ni hii X. Nilisema H9 ni ya kike. Kawaida X moja kati ya mbili inatakiwa izimwe, na jeni ya XIST ndo inayoizima, RNA yake inaifunika kromosomu nzima. Lakini laini za kike zikikuzwa muda mrefu XIST inaweza kupotea, na baadhi ya jeni za ile X iliyozimwa zinaanza kuamka polepole. Ukichora, unaona jeni za X zimetengeneza moduli yao, zinapanda pamoja kwenye sampuli ambazo XIST ni sifuri. Nakala za DNA hazijabadilika hapa, kwa hiyo kupima DNA hakutakwambia kitu, na XIST yenyewe huwezi kuitumia kama alama ya kutambua sampuli za kike kama watu wanavyofanya kwenye tishu zingine, utasema H9 ni ya kiume. Tumia zile jeni za Y.

Kwa anayetaka kujaribu, anza na H1. Ni ya kiume kwa hiyo hilo la X kuamka halikuhusu, mradi wa ENCODE, ule wa kuorodhesha sehemu za jenomu zinazofanya kazi, uliiweka kwenye kundi lake la kwanza kwa hiyo RNA yake, alama za histoni (protini ambazo DNA inazungushiwa) na sehemu zinazokaa CTCF vyote viko wazi kupakua, na ramani ya maboma ya 2012 ni yake pia. Chukua sampuli za maabara tofauti, angalia 20q kabla ya yote, alafu pima uwiano wa jeni jirani ndani na nje ya mipaka. Mwenye data za seli moja moja za H1 zilizokuzwa bila seli walezi naomba tuwasiliane, nataka kuona ile tofauti ya mpakani inabaki kiasi gani ukishaondoa mgawanyiko wa seli.